Uasili na Mabadiliko ya Baadaye katika Matrekta ya Ford 9N, 2N na 8N (1939–1952): Mashine ya Shamba kama Chanzo cha Historia

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna ya kutenganisha sehemu za asili na mabadiliko ya baadaye katika matrekta ya kilimo ya zamani. Mfano uliotumika ni familia ya matrekta ya Ford 9N, 2N na 8N yaliyoundwa Marekani kati ya mwaka 1939 na 1952. Hoja yake ni kwamba hakuna alama moja, hata namba ya usajili wa kiwandani, inayotosha kuthibitisha uasili wa trekta. Uthibitisho hupatikana kwa kulinganisha sehemu kadhaa zisizotegemeana na kutazama zinapokubaliana na zinapopingana. Aidha, insha inadai kwamba mabadiliko yaliyofanywa na wakulima ni ushahidi wa kihistoria wenye hadhi yake. Ukarabati unaoyafuta kwa lengo la kurejesha hali ya kiwandani huweza kuharibu kile ambacho mwanahistoria anakihitaji zaidi.

1.0 Utangulizi

Historia ya kilimo cha karne ya 20 imeandikwa kwa kutegemea zaidi nyaraka: takwimu za serikali, kumbukumbu za makampuni, magazeti na barua. Vyanzo hivyo hueleza vizuri mashine zilivyobuniwa, zilivyotangazwa na zilivyouzwa. Havielezi vizuri yaliyozipata baada ya kuondoka dukani. Mkulima aliyebadilisha magurudumu ya trekta lake au kuchomelea kipande kilichovunjika hakuandika taarifa ya kazi hiyo. Kumbukumbu iliyobaki ni mashine yenyewe.

Hata hivyo, mashine haisomeki kirahisi. Trekta lililofanya kazi kwa miaka 40 au 50 limebadilishwa sehemu nyingi, na baadhi ya mabadiliko hayo yalilenga kulifanya lifanane na trekta jingine. Mtafiti anayelichukulia kama lilivyo leo huweza kuieleza hali ya mwaka 1975 akidhani anaeleza ya mwaka 1942. Kwa hiyo kazi ya kutenganisha sehemu za asili na za baadaye ni ya uhakiki wa chanzo, sawa na ile ya mhakiki wa miswada anayetenganisha maandishi ya mwandishi na nyongeza za wanakili.

Familia ya 9N, 2N na 8N inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu tatu. Kwanza, matrekta haya yalitengenezwa kwa wingi mkubwa: zaidi ya 300,000 ya 9N na 2N kwa pamoja, na zaidi ya 500,000 ya 8N. Pili, sehemu nyingi za aina hizi tatu huingiliana, jambo linalofanya mchanganyiko wa sehemu uwe wa kawaida. Tatu, mabadiliko ya muundo wake yalitokana na matukio yanayofahamika vizuri: makubaliano ya kibiashara, vita ya dunia na kesi mahakamani. Kwa sababu hiyo inawezekana kulinganisha kinachosemwa na chuma na kinachosemwa na historia ya maandishi.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Mwezi Oktoba 1938, Harry Ferguson, fundi na mvumbuzi kutoka kaskazini mwa Ayalandi, alimwonyesha Henry Ford mfumo wake wa kuunganisha jembe na trekta huko Dearborn, Michigan. Kabla ya hapo jembe lilikuwa likikokotwa nyuma ya trekta kama lilivyokokotwa na farasi. Katika mfumo wa Ferguson, jembe liliunganishwa kwa viungo vitatu na kuinuliwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki. Mfumo huo ulidhibiti kina cha kulima kwa kufuata ukinzani wa udongo, na uzito wa jembe ulisaidia magurudumu ya nyuma kushika ardhi. Trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito, na hatari ya sehemu ya mbele kunyanyuka pale jembe linaponasa kwenye jiwe ikapungua.

Ford na Ferguson walikubaliana kwa kupeana mkono, bila mkataba wa maandishi: Ford atengeneze trekta, Ferguson aliuze pamoja na zana zake. Trekta la kwanza la makubaliano hayo, Ford 9N, lilizinduliwa Juni 1939. Mwaka 1942 lilifuatiwa na 2N, toleo la wakati wa vita. Baada ya Henry Ford II kushika uongozi wa kampuni mwaka 1945, uhusiano huo ulianza kulegea. Kampuni mpya ya usambazaji, Dearborn Motors, iliundwa mwaka 1946, na katikati ya mwaka 1947 Ford ikatoa trekta la 8N bila ushirikiano wa Ferguson, lakini likiwa bado na mfumo wake wa haidroliki.

Ferguson alifungua kesi mwaka 1948 akidai dola milioni 251. Kesi ilimalizika Aprili 1952 kwa maridhiano: Ford ilikubali kulipa dola milioni 9.25 na kuacha kutumia baadhi ya vipengele vya haidroliki hiyo kufikia mwisho wa mwaka. Utengenezaji wa 8N ukakoma, na trekta lililofuata, NAA, likaja na pampu ya haidroliki ya muundo tofauti. Kwa maneno mengine, tofauti kati ya 8N na NAA hazikuamuliwa na wahandisi peke yao. Mahakama nayo ilikuwa na sehemu yake. Anayezitambua tofauti hizo kwenye chuma hukutana ana kwa ana na matokeo ya shauri hilo.

3.0 Sifa za Asili za Kiwandani

Aina zote tatu zina injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa inchi 119.7, yaani karibu lita 2, na valvu zake zimo ubavuni mwa bloki. Zote zilitoka kiwandani na umeme wa volti 6, ambapo ncha chanya ya betri ndiyo iliyounganishwa na mwili wa trekta. Pampu ya haidroliki imo ndani ya mwili wa trekta, chini ya kiti, na huendeshwa na shafti ileile inayotoka nyuma kuzungusha zana. Dereva akikanyaga klachi, pampu husimama pamoja na shafti hiyo. Udhaifu huo, kama itakavyoonekana, ulizaa marekebisho mengi ya baadaye.

Ford 9N ilikuwa na gia tatu za mbele na moja ya nyuma. Pedali ya breki ya gurudumu la kushoto ilikuwa upande wa kushoto pamoja na klachi, na ile ya gurudumu la kulia ilikuwa upande wa kulia. Rangi yake ilikuwa ya kijivu cha kukoza kwenye mwili mzima, injini na bati zote. Mbele ya boneti paliwekwa nembo ya Ford na chini yake kibandiko cha mfumo wa Ferguson. Matrekta mia chache ya mwanzo, ya mwaka 1939, yalikuwa na boneti ya alumini ya kusubu badala ya bati la chuma. Wavu wa mbele wa miaka ya mwanzo nao ulikuwa wa alumini na vijiti vyake vililala karibu na ulalo. Baadaye uliwekwa wa chuma wenye vijiti vya wima.

Ford 2N haikuwa na tofauti kubwa ya kimuundo na 9N. Ilitokana na uhaba wa malighafi. Baada ya Japani kuteka maeneo makubwa ya mashamba ya mpira ya kusini mashariki mwa Asia mwanzoni mwa mwaka 1942, mpira wa matairi ulidhibitiwa vikali Marekani. Baadhi ya matrekta ya 2N yalitolewa yakiwa na magurudumu ya chuma, bila betri, bila dinamo na bila stata. Moto wa plagi ulitolewa na magneto, na injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele. Vifaa vilipopatikana tena, 2N ilirudi kwenye tairi za mpira na umeme wa kawaida.

Ford 8N ilileta giaboksi ya gia nne, pedali zote mbili za breki upande wa kulia, na mahali pa kukanyagia miguu palipo papana kuliko vishikizo vya 9N. Haidroliki yake iliongezewa wenzo mdogo karibu na kiti wa kuchagua namna ya udhibiti: ama jembe lifuate ukinzani wa udongo, ama likae kwenye kimo kilichopangwa na dereva. Rangi yake iliitofautisha hata kwa mbali: bati za kijivu cheupe juu ya injini na mwili mwekundu. Neno Ford liliinuliwa kwenye bati la boneti na madigadi, na kibandiko cha Ferguson kikatoweka. Ndani ya 8N yenyewe kuna mgawanyiko mmoja muhimu. Hadi mwaka 1950, distribyuta ilikaa mbele ya injini, mahali pagumu kufikiwa na fundi. Katika namba zilizozidi kidogo 263,000 ilihamishiwa ubavuni, na wakati huohuo dashibodi ikapata mita inayoonyesha mizunguko ya injini na saa za kazi.

4.0 Matabaka Manne ya Mabadiliko

Neno “badiliko” likitumiwa kwa jumla huficha mambo tofauti. Uchunguzi wa familia hii unaonyesha angalau matabaka manne, na kila moja lina maana yake kihistoria.

Tabaka la kwanza ni mabadiliko ya kiwanda. Kuhama kwa distribyuta mwaka 1950 ni mfano wake. Haya si kinyume cha uasili, kwani ndiyo yanayosaidia kujua trekta ni la kipindi gani. Kosa hutokea pale mtafiti anapolichukulia trekta la mwanzo kama kielelezo cha aina nzima, kisha akadhani kila linalotofautiana nalo limebadilishwa.

Tabaka la pili ni nyongeza za kibiashara za wakati uleule, zilizouzwa na mawakala au makampuni mengine trekta likiwa jipya au karibu jipya. Giaboksi ya ziada ya kampuni ya Sherman ilikaa nyuma ya klachi na kuongeza idadi ya mwendo. Wenzo wake huonekana pembeni mwa mwili wa trekta. Kampuni ya Funk ya Coffeyville, Kansas, iliyoanza katika utengenezaji wa ndege, iliuza vifaa vya kufunga injini ya Ford ya silinda sita au nane kwenye 8N. Matrekta ya namna hiyo hayakutoka kiwandani hivyo, lakini mabadiliko yake ni ya miaka ileile ya trekta lenyewe. Kuyaita “yasiyo ya asili” bila maelezo ni kupotosha.

Tabaka la tatu ni marekebisho ya shambani. Maarufu zaidi ni kubadilisha umeme kutoka volti 6 kwenda 12. Hapa dinamo huondolewa na kufungwa alteneta, na ncha hasi ya betri ndiyo inayounganishwa na mwili. Mengine yalitokana na udhaifu wa shafti ya nyuma. Shafti ya awali ilikuwa na kipenyo cha inchi 1 na 1/8, wakati zana za baadaye zilihitaji inchi 1 na 3/8. Wakulima walifunga shafti mpya au kiungo cha kupanulia. Kwa kuwa mashine nzito ya kukatia majani iliendelea kuzunguka hata klachi ilipokanyagwa, na hivyo kulisukuma trekta mbele, kiliwekwa kiungo kinachoruhusu zana izunguke bila kurudisha nguvu kwenye gia. Waliofunga beleshi la mbele la kupakilia waliongeza pampu ya pili ya haidroliki inayoendeshwa na injini moja kwa moja, ili ifanye kazi bila kutegemea klachi.

Tabaka la nne ni ukarabati wa wakusanyaji, uliofanywa baada ya trekta kuacha kazi. Lengo lake ni kurejesha mwonekano wa kwanza kwa vipuri vipya, rangi mpya na vibandiko vipya. Kwa mchunguzi hili ndilo tabaka gumu kuliko yote, kwa sababu ndilo pekee linalokusudia lisionekane kuwa ni badiliko.

5.0 Aina za Ushahidi na Mipaka Yake

5.1 Namba ya usajili wa kiwandani

Katika familia ya N, namba haikuwekwa kwenye kibao bali ilipigwa kwa mkono kwenye bloki ya injini, upande wa kushoto, chini kidogo ya kichwa cha injini. Mwanzoni na mwishoni mwake hupigwa alama, kwa kawaida nyota. Namba za 9N zilianza mwaka 1939 na kuendelea bila kukatika hadi zaidi ya 306,000 mwaka 1947. Matrekta ya 2N nayo yalipigwa namba zinazoanza na 9N. Ni mfululizo uliozidi takriban 99,000 unaoonyesha kwamba trekta ni la toleo la vita. Kwa hiyo namba inayoanza na “2N” haithibitishi kwamba trekta ni 2N halisi. Inatoa sababu ya kuishuku namba hiyo. Namba za 8N zilianza upya na kupita 524,000 mwaka 1952.

Namba hii ina udhaifu wa msingi: inaitambulisha injini, wala si trekta zima. Injini iliyochakaa ilibadilishwa kwa nyingine, na mara nyingi iliyotoka kwenye trekta la aina tofauti ilikubali kuingia. Bloki mpya zilizouzwa kama vipuri zilikuja bila namba. Wengine waliziacha hivyo, wengine wakapiga namba ya zamani. Uso wa bloki usio na namba hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa udanganyifu. Lakini uso uliosagwa kisha ukapigwa namba upya unahitaji maelezo.

Ulinganisho na trekta la Ferguson TE20, lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, unaonyesha kwamba tatizo hili halina suluhisho rahisi. Namba ya TE20 iko kwenye kibao kilichofungwa kwenye dashibodi, pamoja na herufi zinazoonyesha aina: A kwa petroli, D kwa mafuta mazito ya trekta, F kwa dizeli, na kadhalika. Kibao hicho hulitambulisha trekta zima, lakini kinaweza kufunguliwa kwa bisibisi na kufungwa kwenye trekta jingine. Namba ya Ford haibanduki kwenye bloki yake, ila bloki huhama. Kibao cha Ferguson huhama chenyewe.

5.2 Alama za kusubu na namba za vipuri

Vipande vikubwa vya chuma cha kusubu, kama vile nyumba ya gia na mwili wa nyuma, huhamishwa kwa nadra kuliko injini, kwa sababu kuvihamisha ni kulivunja trekta lote. Baadhi ya vipande vya Ford vina alama fupi ya herufi na tarakimu inayoonyesha tarehe ya kusubiwa. Tarehe hiyo ni ya kipande, si ya trekta, na hutangulia kuunganishwa kwa trekta kwa siku au majuma. Alama zinazokaribiana katika vipande kadhaa vikubwa hujenga hoja imara kwamba vilianza safari pamoja. Kipande kimoja kilicho mbali na vingine kwa miaka huonyesha kwamba kililetwa baadaye.

Tahadhari inahitajika katika kusoma namba za vipuri. Ford iliendelea kutumia michoro ya 9N kwa vipande vingi vya 8N, bila kubadilisha kiambishi cha namba. Kipande chenye maandishi “9N” kwenye trekta la 8N huweza kuwa cha asili kabisa. Kiambishi kinaeleza mchoro ulianza lini. Hakielezi kipande kilitengenezwa lini.

5.3 Uhusiano wa sehemu

Nguvu ya uchunguzi iko katika kulinganisha sehemu zisizotegemeana. Trekta lenye namba ya 8N, rangi nyekundu na kijivu, na boneti yenye neno Ford lililoinuliwa linaonekana kuwa 8N. Lakini ikiwa lina gia tatu, pedali ya breki upande wa kushoto na halina wenzo wa kuchagua udhibiti wa haidroliki, mwili wake ni wa 9N au 2N. Injini, bati na rangi vimeongezwa. Sehemu tatu zinazoonekana haraka zimeshindwa na tatu zinazohitaji kuinama na kutazama, kwa kuwa hizi za mwisho ndizo ngumu kubadilisha.

Kanuni hiyo hufanya kazi pia ndani ya 8N. Namba ya mwaka 1948 pamoja na distribyuta ya ubavuni haviwezi kuwa vya asili kwa pamoja kwenye bloki moja, kwani mwaka huo distribyuta ilikaa mbele. Ama bloki ni ya baadaye na namba imepigwa upya, ama namba imesomwa vibaya. Trekta la gia tatu lenye wenzo wa pili pembeni lisidhaniwe kuwa limebadilishiwa giaboksi nzima; yawezekana ni nyongeza ya Sherman iliyofungwa wakati wake. Kwa ufupi, uzito wa ushahidi hupimwa kwa ugumu wa kubadilisha sehemu inayohusika.

5.4 Rangi, uchakavu na alama za kazi

Rangi ni ushahidi dhaifu ikitazamwa juu juu na imara ikitazamwa kwa matabaka. Wakulima wengi waliipaka 9N nyekundu na kijivu ili ifanane na 8N. Chini ya rangi hiyo, mahali ambapo brashi haikufika, kama vile nyuma ya dashibodi, chini ya tangi la mafuta na kwenye viungio vya vipande, kijivu cha kukoza hubaki. Kinyume chake, wekundu wa zamani uliojificha katika pembe za mwili huthibitisha 8N hata kama trekta limepakwa kijivu chote.

Uchakavu nao una mpangilio. Pedali iliyokanyagwa kwa miaka 30 huwa imelika upande mmoja, na kishikizo chake hulegea kwa kiasi kinacholingana nacho. Pedali mpya kwenye kishikizo kilicholegea ni ya kubadilishwa. Matundu ya boliti yasiyo na kazi tena kwenye mwili wa mbele huonyesha kwamba beleshi la kupakilia liliwahi kufungwa na kuondolewa. Matundu hayo hayamo katika orodha yoyote ya kiwanda, na mkarabati huyaziba kwanza. Kwa mwanahistoria wa kazi ya shamba yana thamani kubwa, kwa sababu yanaonyesha lini trekta la kulimia liligeuzwa kuwa trekta la kupakilia samadi na majani.

6.0 Tatizo la 2N la Wakati wa Vita

Ugumu wa suala zima unajitokeza wazi zaidi katika 2N ya magurudumu ya chuma. Trekta hilo lilitolewa likiwa na upungufu ambao mnunuzi hakuupenda. Magurudumu ya chuma yalitikisa dereva na hayakuruhusiwa kwenye barabara nyingi za lami. Kuwasha injini kwa hendeli asubuhi ya baridi kulikuwa kazi. Mara tairi, betri na stata vilipopatikana, wamiliki walivifunga. Matokeo yake, mashine iliyotengenezwa hivyo ilibaki katika hali yake ya kiwandani kwa muda mfupi, na iliyobaki hivyo hadi leo ni adimu.

Uadimu huo umeleta thamani, na thamani imeleta vishawishi. Mkusanyaji akipata namba ya mwaka 1943, anaweza kuondoa tairi, betri, dinamo na stata, kisha akafunga magurudumu ya chuma na magneto ili apate trekta la “asili”. Hapa maswali mawili yanapaswa kutenganishwa. La kwanza ni la ukweli: je, trekta hili hasa lilitolewa na magurudumu ya chuma? Si kila 2N ilitolewa hivyo, na namba peke yake haijibu. Jibu linatafutwa katika dalili ndogo, kama vile alama za mahali dinamo ilipofungwa baadaye, waya zilizopitishwa kwa namna isiyo ya kiwanda na matabaka ya rangi kwenye vishikizo. Dalili hizo zisipokuwapo, urejeshaji huo huzaa chanzo cha uongo ambacho mtafiti wa kizazi kijacho hatakuwa na namna ya kukigundua.

Swali la pili ni la maana. Tuchukulie trekta ambalo kweli lilitoka na magurudumu ya chuma. Mmiliki alilifunga tairi mwaka 1945 au 1946 na kulitumia hivyo kwa miaka 30. Hali ipi ndiyo ya asili? Ya kiwandani ilidumu miaka michache na inaeleza uhaba wa vita. Ya shambani ilidumu kizazi kizima na inaeleza mwisho wa uhaba huo na uamuzi wa mkulima kuhusu kipi kilistahili fedha yake ya kwanza. Kuondoa tairi hizo ili kurejesha magurudumu ya chuma ni kuhifadhi historia ya kiwanda kwa gharama ya historia ya shamba.

7.0 Mjadala: Uasili na Wajibu wa Ukarabati

Inaweza kupingwa kwamba trekta si mswada, bali mashine, na mwenye mali ana haki ya kuitengeneza apendavyo. Hoja hiyo ni sahihi kuhusu haki, ila haigusi suala la ushahidi. Mkulima aliyefunga alteneta mwaka 1970 alitaka trekta liwake asubuhi, na badiliko lake linaonekana wazi kwa yeyote anayetazama. Mkarabati anayeficha mabadiliko yote huondoa dalili hizo bila kuacha alama ya kazi yake.

Pia inaweza kusemwa kwamba pasipo ukarabati mengi ya matrekta haya yangeishia kwa wauza vyuma chakavu. Hilo ni kweli: wakusanyaji wameokoa mashine ambazo makumbusho hayakuwa na nafasi wala fedha ya kuzihifadhi, na maarifa mengi yaliyoelezwa katika sehemu ya tatu na ya tano ya insha hii yalikusanywa na mafundi na wamiliki. Kwa hiyo kinachohitajika ni ukarabati unaoandika unachokifanya. Kabla ya kusaga, kupaka au kubadilisha, trekta lipigwe picha sehemu kwa sehemu. Namba na alama za kusubu zinakiliwe. Sampuli ndogo ya rangi iachwe mahali pasipoonekana. Vipuri vilivyotolewa vihifadhiwe vikiwa na maelezo. Kipuri kipya kiwekewe alama ya mwaka wake mahali pa siri. Hatua hizi hazimzuii mwenye mali kupata trekta linalong’aa, na zinamwachia mtafiti njia ya kurudi nyuma.

Kwa upande wa maelezo ya makumbusho na maonyesho, neno “asili” lisitumike peke yake. Ni sahihi zaidi kusema mwili ni wa mwaka fulani, injini ni ya kubadilishwa, umeme ulibadilishwa baada ya vita, rangi ni ya ukarabati. Maelezo hayo ni marefu kuliko neno moja, lakini ndiyo yanayolingana na kilichopo.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi wa matrekta ya Ford 9N, 2N na 8N umeonyesha kwamba uasili si sifa moja ambayo trekta linayo au halina. Ni jumla ya majibu kuhusu sehemu mbalimbali, kila moja na tarehe yake. Namba kwenye bloki huitambulisha bloki. Kiambishi cha kipuri huutambulisha mchoro. Rangi ya nje humtambulisha mpakaji wa mwisho. Hukumu kuhusu trekta zima hutolewa baada ya kulinganisha sehemu zilizo ngumu kubadilisha, yaani nyumba ya gia, mpangilio wa pedali na muundo wa haidroliki, na zile zinazohama kirahisi.

Insha imeonyesha pia kwamba mabadiliko yenyewe yana historia inayofuatilika. Kutoweka kwa kibandiko cha Ferguson kunaonyesha kuvunjika kwa makubaliano yasiyoandikwa. Magneto ya 2N inaonyesha uhaba wa vita. Shafti iliyopanuliwa na pampu ya pili zinaonyesha kazi ambazo wabunifu wa mwaka 1939 hawakuzipangia. Mbili za kwanza zinaweza kupatikana katika nyaraka. Ya tatu, ambayo ndiyo historia ya wakulima wenyewe, kwa kiasi kikubwa imebaki kwenye mashine tu, na huondoka nayo kila trekta linaposafishwa bila kuandikwa.